Babu wa Nyumba Mbili

Wiki iliyopita, msomaji, tulimwacha Baba Mkubwa wa bwana harusi kakodoa macho ukutani, kikombe cha chai kimemganda mkononi, akiinyooshea kidole picha ya baba mzazi wa Bibi na kusema, "Huyo ni babu yangu."

Kama hukuwa nasi, jua haya machache. Bibi harusi ni fundi cherehani, mtaa mzima unamwita Sindano, na Bibi ndiye aliyemlea. Keshokutwa anaolewa na Fundi Saa. Na nyumba zote mbili zina sheria moja isiyochezewa: watu wa damu moja hawaoani. Sasa twende, na ujishike vizuri.

Bibi ndiye aliyepata sauti kwanza.

"Rudia," alisema.

"Nasema huyo ni babu yangu. Aliyemzaa baba yangu. Picha hiyohiyo iko kwangu, juu ya mlango wa chumba cha kulala. Namwamkia kila asubuhi."

"Huyo ni baba yangu mimi. Na mimi pia namwamkia kila asubuhi."

Sindano alikuwa bado kasimama juu ya kiti, maana ndiye aliyekuwa akiwatambulisha wageni kwa watu wa ukutani. Alimtazama Fundi Saa. Fundi Saa alikuwa kashika biskuti, haipeleki kinywani wala hairudishi kwenye sahani.

Baba Mkubwa akatoa simu, akaipekua, akaigeuza watu waone. Ni yuleyule. Paji lilelile pana, koti lilelile, kiti kilekile cha miguu ya kusokotwa, mkono umewekwa juu ya goti vilevile. Tofauti ilikuwa moja tu. Yule wa kwenye simu alikuwa na masharubu mazito.

"Huku kwenu alinyoa," Baba Mkubwa akaeleza. "Mtu ananyoa."

"Huko kwenu alikuwa anafanya kazi gani?" Sindano akauliza.

"Mwoka mikate. Mtu mzito, mtu wa heshima. Neno lake lilikuwa neno."

"Huku kwetu alikuwa mchimba visima."

"Basi alfajiri alikuwa anaoka, mchana anachimba. Mwanamume akiwa na nyumba mbili, atafanyaje?"

Neno hilo lilimwingia Bibi kama mwiba. "Nyumba mbili," alisema polepole, akiipima habari. Kila mtu alingoja alie, au azimie, au ainue fimbo. Bibi hakufanya hata moja. Alijiweka sawa kwenye kiti. "Kama ni nyumba mbili, basi ya kwanza ni ya mama yangu."

"Hapana, mama. Ya kwanza ni yetu. Sisi ndio tuliomjua na masharubu."

"Masharubu huja ukubwani. Huku alikuja kijana, mdomo msafi kabisa. Sisi ndio nyumba kubwa, nyinyi alikuja kwenu kuzeekea."

"Tusivunjiane heshima."

"Nani anakuvunjia? Tena kama wewe ni mjukuu wake, mimi ni shangazi yako. Hujaniamkia hivyo tangu umeingia."

Baba Mkubwa ana miaka hamsini na kitu na hotuba yake ikianza harusini watu huanza kutazama saa. Alimeza mate.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Kusanya miguu, unaniziba njia."

Sindano alitaka kucheka na alitaka kulia. Hawa wawili walikuwa wanagombania ukubwa wa nyumba, na hakuna aliyekuwa amekumbuka maana yake ni nini. Kisha Baba Mkubwa akakumbuka.

"Basi hakuna harusi," alisema, na safari hii sauti ilikuwa ya chini. "Watoto hawa ni ndugu."

Fundi Saa akaiacha biskuti ianguke.

"Mti wangu hausemi hivyo," Sindano akasema.

Akashuka kitini, akakimbilia cherehani yake, akarudi na kitambaa cheupe kipana kama shuka. Mwaka mzima alikuwa akikidarizi. Kilikuwa mti wa ukoo wake, tawi kwa tawi, kila mtu jani lake na uzi wake, kining'inizwe nyuma ya viti vya maharusi siku ya harusi. Na alikuwa na kanuni yake katika kuutafuta huo ukoo. Hakuna jani lililoshonwa mpaka watu wawili wasiosemeshana waseme jambo lilelile. Kwa ndugu zake, kupata wawili wasiosemeshana haikuwa shida.

"Baba yake Bibi alichimba visima, kisima kikamporomokea akiwa bado kijana," akasema, kidole kwenye jani la buluu. "Hili nimelipata kwa Bibi, ingawa sasa hivi ubishi umemsahaulisha, na nimelipata kwa binamu yake ambaye Bibi akimwona upande huu wa barabara anahamia ule. Mtu aliyekufa kijana hawezi kwenda kuzeekea kwenye mikate."

"Kitambaa umeshona mwenyewe," Baba Mkubwa akajibu. "Uso huu umeuona kwa macho yako."

Sindano aliutazama huo uso, aliouzoea tangu utoto, na kwa mara ya kwanza akauchukia. Ndipo macho yake, macho ya fundi, yakateleza kutoka usoni yakaangukia kwenye koti.

"Nipe simu," alisema.

Akaisogeza simu kando ya picha ya ukutani. Akatazama kiwiko. Akatazama bega. Akaanza kutabasamu, tabasamu ambalo Fundi Saa alilijua, la kugundua mteja kadanganya kipimo cha kiuno.

"Baba Mkubwa, mimi nashona makoti. Mtu akikaa, akainuka, akakaa tena, mikunjo haijipangi kama mwanzo hata siku moja. Hebu ona kiwikoni. Mikunjo mitatu hapa, mitatu hapa, na huu wa kati umegawanyika mwishoni. Hapa na hapa. Hii ni picha moja, imepigwa mara moja. Masharubu yataotaje na kunyolewa ndani ya picha moja?"

Baba Mkubwa alivaa miwani, akaivua, akaivaa tena.

Sindano alikuwa keshaitungua picha na kuigeuza. Nyuma kulikuwa na muhuri wa studio ya mjini. "Bado ipo," akasema Fundi Saa. "Iko nyuma ya duka la viatu."

"Nendeni," Baba Mkubwa akasema. "Mimi naifuata ya kwangu nyumbani. Lakini mkirudi mikono mitupu, naanza kuwapigia waalikwa."

Hawakungoja amalize. Walitoka wakigombania mlango.

Studio ilikuwepo kweli, ingawa siku hizi kazi yake ilikuwa kutoa kopi, kupiga picha za pasi na kuuza makava ya simu. Mwanamke wa makamo aliyekuwa akiingiza vitambulisho kwenye mashine ya lamineshi aliitupia picha jicho moja, akaangua kicheko, akapaza sauti kuelekea chumba cha nyuma.

"Mama, marehemu wako mwingine kaletwa."

Akatoka mwanamke mkongwe, mwembamba, miwani moja machoni na nyingine kaipandisha kwenye paji. Alikuwa binti wa mwenye studio wa zamani, na tangu usichana kazi yake ilikuwa kuzitia picha rangi. Watu walimwita Mama Brashi, na yeye aliitika bila kinyongo. Aliipokea picha kwa mikono miwili.

"Katunzwa huyu. Hata vumbi hana. Mnampenda?"

"Sana, Mama," Sindano akasema. "Ni baba yake bibi yangu."

"Siye," Mama Brashi akasema, kwa sauti ya mtu anayekuambia sukari imekwisha.

"Siye vipi?"

"Zamani watu walikuwa wanakufa hawajapigwa hata picha moja. Ndugu zao wanakuja hapa wanalia, wanataka uso wa kutundika. Baba yangu hakuwa na moyo wa kuwafukuza. Basi naitwa mimi. Nawauliza, alikuwa na uso mrefu au wa mviringo? Alikuwa na kipara? Natafuta kwenye filamu zetu mtu wa kumkaribia, tunaisafisha picha yake upya, naingia na brashi. Masharubu natoa, mvi naongeza, anayetaka kofia namvisha kofia. Wanaondoka wametulia."

"Na walikubali kuwa ndiye?"

"Wiki ya kwanza wanasema anafananafanana. Wiki ya pili wanasema anafanana. Mwaka ukipita, ndiye mwenyewe, na ukimgusa watakupiga."

Fundi Saa akamsogezea simu. "Na huyu mwenye masharubu?"

Mama Brashi alibadilisha miwani. "Simu yako ina ukungu, mwanangu. Lakini bwana huyu nilimtumia sana. Nimemfanya baba wa watu, mjomba wa watu. Kuna nyumba nilimfanya hakimu."

"Mwenyewe hasa alikuwa nani?" Sindano akauliza.

"Mteja."

"Mteja gani?"

"Mteja ni mteja," akajibu, akaanza kufuta kioo cha picha ambacho kilikuwa safi tangu mwanzo.

Lakini Sindano hakuwa akisikiliza tena. Akili yake ilikuwa imefika pale ilipokuwa ikienda. "Kwa hiyo sisi si ndugu," alimwambia Fundi Saa.

"Si ndugu hata kidogo."

"Sema tena."

"Mimi si ndugu yako, sina undugu na wewe, sikujui kabisa."

Maneno matamu kuliko hayo Sindano hakuwahi kuambiwa. Fundi Saa akamnyanyua, akamzungusha katikati ya studio, mguu wake ukapiga rafu ya makava ya simu, makava yakamwagika sakafuni yote. Walipiga magoti kuyaokota na bado wanacheka, na kila walipookota matano, matatu yaliwaponyoka. Furaha iliwafanya mabwege.

"Tusamehe, Mama," Fundi Saa akasema. "Tunaoana keshokutwa."

"Keshokutwa," Mama Brashi akarudia. Uso wake ulitulia. "Na huyo mwenye masharubu yuko upande wa bwana harusi?"

"Ndiyo. Ni babu wa baba yangu."

"Nataka niione hiyo picha yenyewe, ya karatasi. Mnasimama nini? Niiteni teksi."

Ndani ya teksi, Sindano akaipakata picha yake magotini, na furaha ikampungukia ghafla. Amepata mume, lakini baba yake Bibi amepotea. Yule mchimba visima sasa alikuwa na jani la buluu na hana uso. Ilimuuma, na hakujua atamwambiaje Bibi.

Bibi aliambiwa. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono kaifumbata.

"Kwa hiyo miaka yote hii nimekuwa nikimweleza mambo yangu mtu baki."

"Hata ya majirani, Bibi?"

"Hasa ya majirani." Kisha sauti yake ikawa ya mtoto. "Nilikuwa mdogo sana alipokufa. Mama alinionyesha picha akaniambia baba yako huyu, nikakubali. Lakini nikilala, kuna mtu mwingine huwa ananijia. Hana koti. Ana udongo mpaka kwenye nyusi, na masikio makubwa yamesimama hivi, na mwanya mpana. Ananichekea. Mimi namfukuza. Namwambia toka, sikujui."

Wote walikuwa wakimtazama Sindano, aliyevaa vilemba tangu shuleni kuficha masikio yaliyosimama, na ambaye sasa hivi alikuwa kaacha mdomo wazi, mwanya wake nje.

"Njoo hapa," Bibi akasema. Akamfungua kilemba, akamshika masikio yote mawili, akalia huku anacheka. "Nimemlea mwenyewe na sikumwona."

Sindano, aliyekikimbia kioo maisha yake yote, akatamani kuletewa kioo saa hiyohiyo.

Baba Mkubwa alikohoa. Alikuwa kakaa na picha yake mapajani, kaikumbatia. "Poleni sana. Lakini hayo ni ya kwenu. Wa kwetu ni wa kweli."

"Tuone," Mama Brashi akasema.

Aliitoa kwenye fremu. Akaomba pamba na maji. Akasugua masharubu, kwanza kwa upole, kisha kwa nguvu, Baba Mkubwa akiguna kila pamba ilipopita. Pamba ikatoka nyeupe.

"Hii haijaguswa na brashi," alisema. "Masharubu ni yake, na uso ni wake."

Baba Mkubwa aliruka kutoka kitini kama kapigiwa filimbi. "Nilisema mimi. Nilisema. Wenu wa kupakwa, wetu halisi. Damu huku, damu kule, hazijawahi kukutana. Keshokutwa harusi, na hotuba yangu naiongeza."

Bibi akapiga kigelegele, Sindano akamkumbatia Mama Brashi, kisha akamkumbatia Baba Mkubwa, kisha akakumbatia mto wa kiti. Alikuwa anaolewa, na alikuwa na masikio ya baba yake Bibi. Angeweza kuruka juu ya paa.

"Lile shikamoo sikurudishii," Bibi alimwambia Baba Mkubwa.

Mama Brashi ndiye pekee aliyebaki kaketi. Picha ilikuwa bado mkononi mwake.

"Hii nilimpa huyu bwana kwa mkono wangu," alisema, na kelele zikapungua. "Baba yangu alimpiga picha, mimi nikashika taa. Nikamwambia asicheke. Ilikuwa ya kumwonyesha mama yake alivyopendeza, maana mimi na yeye tulikuwa tunaoana wiki ileile. Akasema anakwenda mara moja, anarudi."

"Akarudi lini?" Bibi akauliza.

Mama Brashi akaigonga picha kwa ukucha. "Ndiyo kwanza anarudi leo."

Baba Mkubwa akaketi tena, taratibu.

"Filamu ilibaki studio," Mama Brashi akaendelea. "Mteja wa kwanza alipokuja analia anatafuta marehemu, nikajua wa kumpa. Nikamuua nyumba ile. Nikamuua nyumba ya pili. Kila nilipopita mtaani nikaona wamemtundika, wanamwombea apumzike, nililala usingizi mnono."

Bibi ndiye aliyeanza. Alicheka mpaka akaanza kujipigapiga paja, Sindano akaanguka juu yake, na Mama Brashi mwenyewe akavua miwani yote miwili kufuta machozi. Sebule nzima ilikuwa imevunjika mbavu, isipokuwa mtu mmoja.

"Ukimtazama vizuri," Baba Mkubwa akasema, akiisogeza fremu tupu kuelekea kwa Bibi, "hafanani na sisi sana. Pengine ni wa kwenu kweli."

"Nani, sisi? Wetu alikuwa anashuka kisimani, mwanangu. Angetorokea wapi?"

"Alikuwa mtu wa heshima. Kila mtu alisema. Neno lake lilikuwa neno."

"Kwangu neno hilo lilikuwa kurudi," Mama Brashi akasema. Akajifuta pua, akaitupia sebule macho. "Sijui wanaume wa nyumba hiyo hupatwa na nini wiki ya harusi. Na huyu wenu yuko wapi?"

Kila mtu akageuka.

Kiti cha Fundi Saa kilikuwa kitupu.

Hakuna aliyeweza kusema aliondoka lini. Bibi alisema alimwona akicheka na wenzake. Baba Mkubwa alisema hapana, alimwona kasimama ukutani, uso umempauka. Sindano aliita huko uani, akaita jikoni. Akaenda mlangoni akatazama viatu. Vya Mama Brashi vilikuwepo, vya Baba Mkubwa vilikuwepo. Vya Fundi Saa havikuwepo.

Nje, pikipiki ikawaka.

Alimwona kupitia dirishani, kakaa nyuma ya dereva, kaupa mtaa mgongo. Hakuhitaji kuona uso. Lile shati la mistari alilishona yeye, na mshono wa bega la kushoto aliufumua mara mbili mpaka ukanyooka. Dakika iliyopita alikuwa mwanamke mwenye bahati kuliko wote, na sasa alikuwa kashika pazia asije akaanguka.

"Atarudi," Baba Mkubwa akasema, bila kumtazama mtu. "Kaenda mara moja tu."

Mkono mkavu ukamkamata Sindano kiwiko. Mama Brashi alikuwa keshafika kando yake.

"Mimi nami nilikaa dirishani hivihivi," akamwambia. "Nikasema atarudi mwenyewe. Nikapaka watu masharubu maisha yangu yote. Kimbia, mwanangu. Mwulize usoni."

Sindano akatumbukiza miguu kwenye viatu vya kwanza alivyoviona, ambavyo vilikuwa vya Baba Mkubwa, akatoka mbio kichwa wazi, masikio nje, viatu vikipiga lami kwa kelele na watu wakitoka madukani kushangaa. Aliita. Kwenye kona pikipiki ikapunguza mwendo. Fundi Saa akageuka, akamwona vizuri kabisa, macho kwa macho.

Kisha akampiga dereva begani, na pikipiki ikaongeza moto.

Sindano akavitupa viatu katikati ya barabara, akaongeza mbio na yeye.